Anayefunga na anayepika: shajara ya kuwapima pointi gadi kwa takwimu

Jumamosi. Swali lenyewe

Ubishi huu hauishi. Penye goli la kikapu na watu watatu wamekaa kivulini, hawakosekani wawili wa kuugombania: kazi ya pointi gadi, yule anayepandisha mpira na kuongoza mashambulizi, ni kuchezesha timu au kufunga? Wa kwanza atamtaja John Stockton, wa pili atamtaja Allen Iverson, na kila mmoja ataleta namba mbili zilezile, wastani wa pointi na wastani wa asisti, yaani pasi zilizozaa kikapu. Hapo mazungumzo yanakwama. Namba hizo mbili haziwezi kujibu, kwa sababu hazisemi mchezaji alitumia mipira mingapi kuzipata.

Kwa hiyo nimefungua faili. Nataka kuwapima pointi gadi kwa kipimo kimoja, anayefunga na anayepika (anayewatengenezea wenzake vikapu), na kipimo chenyewe kiwe zamu: kila mara timu inaposhambulia, mpira unaishia wapi na nani aliumaliza. Nimechagua misimu minane ya NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, ambayo watu wanaikumbuka na ambayo takwimu zake zimekamilika:

Stockton 1990-91, Iverson 2000-01, Steve Nash 2006-07, Chris Paul 2007-08, Stephen Curry 2015-16, Russell Westbrook na James Harden 2016-17, na Shai Gilgeous-Alexander 2024-25.

Aliyeniuma kumwacha nje ni Tiny Archibald. Msimu wa 1972-73, akiwa na Kansas City-Omaha Kings, aliongoza ligi kwa pointi (34.0 kwa mchezo) na kwa asisti (11.4 kwa mchezo) kwa pamoja. Hakuna mwingine aliyewahi kuongoza wastani wote wawili katika msimu mmoja. Ukitafuta mtu wa kumaliza ubishi huu, ndiye. Lakini NBA ilianza kuandika mipira inayopotea msimu wa 1977-78. Bila safu hiyo sijui ni zamu ngapi Archibald alizimaliza mikono mitupu, na kipimo changu chote kinasimama juu ya safu hiyo. Namheshimu, lakini hatakuwemo.

Iverson naye ana utata wake. Msimu ule wa 2000-01 Philadelphia walimpanga pembeni, mpira ukawa unapandishwa na Eric Snow. Watu wa nafasi watasema huyo si pointi gadi. Nimemwacha kwenye faili kwa sababu aliingia ligi mwaka 1996 kama pointi gadi, msimu wake wa kwanza akafikisha pointi 23.5 na asisti 7.5, na kwa sababu kila ubishi wa jambo hili unamtaja. Ukimtoa yeye, upande mmoja unanyimwa shahidi wake.

Jumapili. Kuhesabu zamu

Zamu anayoimaliza mchezaji ina njia nne: anatupa, anakwenda kwenye mstari wa mitupo huru, anatoa pasi inayozaa kikapu, au anapoteza mpira. Mitupo huru nimeizidisha kwa 0.44, kama wafanyavyo watu wote wa takwimu za kikapu. Sababu ni kwamba mitupo huru miwili si lazima iwe zamu moja. Kuna ule mmoja wa nyongeza baada ya kufunga huku umechezewa faulo, kuna mitatu ya aliyechezewa faulo akitupa kutoka mbali, kuna ule wa faulo ya kiufundi. Ukijumlisha yote, kila mtupo huru unakula kama 0.44 ya zamu.

Mstari wa kwanza kuukamilisha ni wa Stockton, nikatulia nao kidogo. Mwaka ule alitoa asisti 1,164, rekodi ya msimu mmoja ambayo bado ipo. Mitupo yake ilikuwa 978 na mitupo huru 434. Ukizidisha hiyo 434 kwa 0.44 na kujumlisha, unapata zamu 1,169 alizotaka kufunga mwenyewe. 1,169 za kufunga, 1,164 za kupika. Mtu ambaye dunia nzima inamtaja kama mpishi tu alikuwa amegawa kazi yake katikati, karibu sawasawa kabisa. Na bado wastani wake ulikuwa pointi 17.2.

Wengine wamepangika hivi kwa sehemu ya zamu zao zilizoishia kwenye asisti: Stockton asilimia 44.2, Nash 39.3, Paul 35.7, Harden 27.6, Westbrook 23.4, Curry 20.6, Gilgeous-Alexander 18.6, Iverson 12.1. Mpangilio huu haumshangazi mtu.

Wa mipira iliyopotea ndio unaoshangaza. Anayepoteza sehemu ndogo zaidi ya zamu zake ni Gilgeous-Alexander, asilimia 7.0. Anafuata Paul kwa 7.8, kisha Iverson 8.8, Curry 10.2, Stockton 11.3, Westbrook 12.2, Nash 12.8, na Harden 14.1. Angalia Paul alipo. Anatoa asisti kwa sehemu karibu mara mbili ya Curry, lakini mpira haumtoki. Asisti 925 kwa mipira 201 iliyopotea katika michezo 80. Tumezoea kusikia kwamba anayepika lazima amwage kidogo, na kwa Nash ni kweli. Kwa Paul si kweli. Kwa Harden mambo ni kinyume: mipira 464 aliyoipoteza msimu ule ni rekodi ya NBA, na yeye hata si wa tatu kwa sehemu ya pasi.

Nimeandika pia zamu kwa mchezo. Westbrook alikuwa anamaliza zamu 44 kila mchezo, Harden 41, Iverson 38. Nash alikuwa chini ya 30. Kumbuka hili, maana litarudi.

Jumanne usiku. Ulengaji

Leo nimefanya safu ya ulengaji halisi, yaani pointi zote ukigawa kwa mara mbili ya zamu za kutupa, ili mtupo wa pointi tatu na mtupo huru vipate haki yake. Asilimia ya kawaida ya mitupo inayoingia inamdhulumu Curry na inambeba mtu anayetupa chini ya goli tu.

Namba peke yake haitoshi, kwa sababu ligi imebadilika. Msimu wa 2000-01 ulengaji halisi wa ligi nzima ulikuwa asilimia 51.8, mabeki wakishikilia watu kwa mikono na mchezo ukienda polepole. Msimu wa 2024-25 ulikuwa karibu 57.6. Asilimia 55 ilikuwa ya fahari wakati wa Iverson, leo ni ya mtu wa chini ya wastani. Kwa hiyo kila mchezaji nimempima na ligi ya mwaka wake, nikauliza: zamu zilezile alizotupa yeye, mchezaji wa wastani wa mwaka ule angepata pointi ngapi? Tofauti ndiyo ziada yake.

Curry 2015-16 alipata takriban pointi 454 za ziada. Huo ndio msimu wa mitupo 402 ya pointi tatu iliyoingia, wa timu yake kushinda 73 na kupigwa 9, na wa kura zote za MVP (mchezaji bora wa msimu) kwenda kwa mtu mmoja kwa mara ya kwanza. Ulengaji wake halisi ulikuwa asilimia 66.9, ligi 54.1. Hakuna wa kumkaribia.

Wa pili ni Nash, pointi 244. Nimeirudia hesabu hii ili niwe na uhakika nayo: mitupo 971, mitupo huru 247, pointi 1,412, ulengaji halisi asilimia 65.4. Mpishi. Mtu aliyetoa asisti 11.6 kwa mchezo. Kwa mitupo michache hivyo ameongeza pointi nyingi kuliko Gilgeous-Alexander (237) na Harden (234), ambao walitupa karibu mara mbili yake. Stockton yuko kwenye 164, Paul kwenye 104.

Halafu kuna Westbrook: takriban 7. Na Iverson: 1.

Soma tena. Msimu wa pointi 31.6, ribaundi 10.7 (mipira iliyodakwa baada ya mtupo kukosa) na asisti 10.4, wenye mechi 42 za tarakimu mbili katika idara tatu, kwa upande wa ulengaji uliongeza pointi 7 tu juu ya mtu wa wastani. Na MVP wa 2001, mfungaji bora wa ligi kwa wastani wa 31.1, alilenga asilimia 51.8, sawasawa na ligi nzima. Hii haimaanishi hawakuwa wakubwa. Inamaanisha ukubwa wao haukuwa kwenye kile tunachodhani. Tuliona pointi nyingi tukaita ufungaji bora, kumbe ulikuwa ubebaji wa mzigo, ambao ni kazi nyingine, na ngumu.

Alhamisi. Asisti moja ni pointi ngapi?

Hapa ndipo hesabu nyingi za mitandaoni zinapopotoka. Watu huchukua pointi za mchezaji, wakajumlisha asisti mara mbili, wakasema hizo ndizo pointi alizozalisha. Basi kikapu kimoja cha pointi mbili kinaandikwa mara mbili, kwa mpishi na kwa mlaji. Ukijumlisha timu nzima utakuta imepata pointi nyingi kuliko zilizo kwenye ubao.

Asisti yenyewe ni hukumu ya mtu aliyekaa mezani pembeni ya uwanja. Kanuni inasema pasi iliyoongoza moja kwa moja kwenye kikapu. Je, mpokeaji akidunda mara mbili kisha akafunga? Mezani mmoja ataandika, mwingine hataandika. Na kuna yasiyoandikwa kabisa: pasi nzuri ambayo mpokeaji amekosa goli, pasi iliyomfanya mpokeaji achezewe faulo akaenda kwenye mstari, pasi ya kabla ya pasi. Tangu msimu wa 2013-14 kamera zilipofungwa kwenye viwanja vyote vya NBA vitu hivi vinahesabika, lakini Stockton, Iverson, Nash na Paul wa 2008 wako nyuma ya mwaka huo, na sitaki kuwapima nusu ya watu kwa rula tofauti.

Kwa hiyo nimefanya hivi. Kikapu kilichoingia baada ya pasi kina thamani ya pointi mbili na kitu, kutegemea mitupo ya mbali ni mingapi. Zamu ya kawaida, kabla hujajua itaishaje, ina thamani ya pointi moja na kidogo. Tofauti yake ni kama 1.2, na hiyo ndiyo ziada ya kugawana kati ya aliyetoa na aliyefunga. Nusu kwa nusu: 0.6 kwa mpishi. Sidai kwamba 0.6 imeshuka mbinguni. Ndiyo maana nimeiacha ikae kwenye kisanduku chake peke yake, ili nikiibadilisha faili zima libadilike.

Mpira uliopotea nimeutoza pointi moja, kwa sababu timu imenyimwa zamu nzima. Sasa kila mtu ana hesabu moja: ziada ya ulengaji, toa mipira iliyopotea, jumlisha asisti mara 0.6.

Stockton 564. Curry 508. Nash 487. Paul 458. Gilgeous-Alexander 346. Harden 314. Westbrook 73. Iverson, chini ya sifuri, kama 41.

Kisha nikaanza kukichezea kile kisanduku, na hapo ndipo kazi iliponikolea. Ukishusha thamani ya asisti hadi 0.5, Curry anampita Stockton kwa pointi chache. Mizani yao inalingana kwenye 0.51. Ukitaka kusema Nash ni sawa na Curry, lazima uamini asisti moja ina thamani ya 0.66. Kwa Paul kumfikia Curry, 0.73. Hivi sasa mtu akinibishia kwamba mpishi ni bora kuliko mfungaji, namuuliza swali moja tu: kwako asisti ni pointi ngapi? Akijibu, ubishi wake na wangu unakuwa ubishi wa namba moja, na tunaweza kwenda kuitafuta.

Lakini kuna ulinganisho ambao kisanduku hakiugusi. Weka asisti iwe na thamani yoyote, hata sifuri, Nash yuko juu ya Westbrook. Kwenye sifuri ni 43 chini dhidi ya 431 chini, na asisti za Nash ni nyingi zaidi, 884 kwa 840, kwa hiyo kila ukipandisha thamani pengo linazidi. Hapo mabishano ya mpishi na mfungaji hayahusiki. Ni suala la mpira kuingia na mpira kutokupotea.

Jumamosi. Kocha na video

Nimempelekea faili kocha wa vijana tunaofanya naye mazoezi. Alisoma mstari wa Iverson, akaweka simu chini.

"Mdogo wangu, hapa umemwonea mtu."

Hoja yake ni nzito na nimeiandika yote. Kipimo changu kinampa sifuri mtu anayetupa kwa kiwango cha wastani, awe ametupa mara kumi au mara thelathini. Lakini mitupo lazima itupwe na mtu. Saa ya sekunde 24 za kushambulia haisubiri. Kocha akaniambia niwaangalie waliocheza na Iverson msimu ule: Snow, Aaron McKie, George Lynch, Tyrone Hill, na kuanzia Februari 2001 Dikembe Mutombo wa Kinshasa. Mabeki watupu. Walikuwa wakali kwenye ulinzi, na timu ilishinda michezo 56 ikafika fainali, lakini nani kati yao angebeba mitupo kumi ya Iverson akailenga kwa wastani wa ligi? Mutombo umbali wa futi kumi na tano? "Wewe umemlinganisha na mchezaji wa wastani ambaye pale Philadelphia hakuwepo," kocha alisema.

Ni kweli. Na ni kweli pia kwa Westbrook, maana Kevin Durant alikuwa ameondoka kiangazi kile, na Oklahoma City walikuwa wakiyumba kila alipokaa benchi. Kumaliza zamu 44 kwa mchezo bila ulengaji wako kuanguka chini ya ligi ni jambo ambalo wachache duniani wangeliweza. Kwa hiyo nimeongeza safu ya mzigo, zamu kwa mchezo, na sitaijumlisha na nyingine. Itasimama pembeni, isomwe pamoja nazo. Kuna vitu ukivichanganya kwenye namba moja unapoteza habari badala ya kuipata.

Kisha kocha akaweka video ya Phoenix ya Nash, na tukarudia shambulio moja mara nyingi. Amar'e Stoudemire anakuja kumwekea kizuizi upande wa kulia. Nash anakizunguka, beki wake anabaki nyuma ya bega, senta wa upande wa pili anarudi nyuma kidogo. Hapo pointi gadi wengi wanatupa au wanatoa. Nash anaendelea kudunda, anapita chini ya goli hadi kwenye mstari wa mwisho, anatokea upande wa pili, mpira bado uko mkononi na uhai wa kudunda haujaisha. Wakati huo wote macho ya mabeki watano yako kwake. Mmoja wa pembeni ananyanyua kisigino, hatua moja tu kumfuata. Pasi inatoka kwenda kona aliyoiacha. Pointi tatu.

Kocha alisimamisha picha pale kisigino kilipoinuka. "Kwa nini amesogea? Kwa sababu anajua huyu mtu akiachwa anafunga."

Hilo ndilo jambo ambalo safu ya ulengaji ilikuwa inaniambia tangu Jumanne na nikaliona kama sadfa. Nash ni wa pili kwa ulengaji na wa pili kwa sehemu ya asisti. Stockton ni wa kwanza kwa asisti na alilenga asilimia 60.4 wakati ligi iko 53.4. Wapishi wakubwa kwenye faili langu ni walengaji wazuri kupita kawaida, wakitupa kwa kuchagua. Pasi yao inafunguka kwa sababu mtupo wao unaogopwa. Mtu akisema "yule ni mpishi, si mfungaji," namwelewa anachokusudia kwa wingi wa pointi, lakini ukitazama kila mtupo mmoja mmoja, wapishi hawa wanafunga kuliko wafungaji wengi.

Curry ana la kwake hapo, na linakwenda upande wa pili. Msimu wa 2015-16 aliyeongoza Golden State kwa asisti hakuwa yeye (6.7). Alikuwa fowadi, Draymond Green (7.4). Sehemu ya zile pointi 454 za ziada ilitokana na pasi za wengine, na kama mimi ni mkweli kwa kanuni yangu ya nusu kwa nusu, Curry anatakiwa kurudisha kitu kwa Green. Nash hakuwa na Green. Alitengeneza mitupo yake muda mwingi akiwa na mpira mkononi. Kwa upande mwingine, Curry akikimbia bila mpira anavuta mabeki wawili, Green anabaki na njia wazi, na hakuna safu hata moja kwenye faili langu inayomwandikia Curry chochote kwa hilo. Madeni haya mawili yanakwenda pande tofauti. Kwa takwimu za kawaida za mchezo siwezi kuyalipa, nayaacha yaonekane.

Jumatano. Mwaka 2009

Nimekifanyia majaribio kipimo kwa kundi ambalo Mtanzania yeyote anayefuatilia kikapu analifahamu: drafti ya 2009, yaani timu za NBA kuchagua wachezaji wapya. Sisi tunaikumbuka kwa Hasheem Thabeet, aliyechaguliwa wa pili na Memphis. Wa tatu alikuwa Harden. Lakini kwa swali langu, cha kutazama ni namba tano, sita na saba. Minnesota walikuwa na chaguo la tano na la sita yakifuatana, wakachukua pointi gadi wawili, Ricky Rubio na Jonny Flynn. Wa saba, Golden State wakamchukua Curry.

Rubio alikuwa mpishi safi, kijana wa Kihispania aliyeona pasi ambazo wengine hawakuziona. Alipofika Minnesota msimu wa 2011-12 alitoa asisti 8.2 kwa mchezo kabla ya goti kuumia. Lakini mitupo yake iliyoingia ilikuwa asilimia 35.7 tu. Ukimwekea kizuizi, beki wake anapita nyuma ya kizuizi bila wasiwasi, anamsubiri upande wa pili. Hakuna kisigino kinachoinuka. Pasi bado anaiona, ila inapita kwenye msitu wa mikono. Curry msimu wake wa kwanza tu alikuwa na asisti 5.9 na kulenga asilimia 43.7 kutoka mbali.

Sisemi hili kuwacheka Minnesota. Mwaka 2009 watu wengi wenye akili walikuwa wanatafuta Nash mwingine, na walipotazama Nash waliona pasi. Ulengaji wake ulikuwa pale pale kwenye karatasi.

Nimeongeza sharti kwenye faili: pointi gadi yeyote nitakayemwita mpishi lazima asomwe na ulengaji wake ukiwa kando. Asisti bila ulengaji nimezipaka rangi ya njano.

Jumapili. Wa sasa

Nimeingiza wapishi wawili wa leo, kwa wastani wa mchezo maana ndivyo wengi wanavyowafahamu. Tyrese Haliburton wa Indiana aliongoza ligi msimu wa 2023-24 kwa asisti 10.9, akipoteza mipira 2.3. Trae Young, akiwa Atlanta, aliongoza msimu wa 2024-25 kwa asisti 11.6, akipoteza 4.7. Kwa macho ya jedwali la asisti Young yuko mbele kwa 0.7. Kwa kanuni yangu hiyo ni pointi 0.4 kila mchezo. Mipira aliyoizidi kupoteza ni 2.4, yaani pointi 2.4. Hesabu haikaribiani hata ukiipandisha asisti hadi pointi nzima.

Kuna mchezo mmoja wa Haliburton nimeuandika peke yake: wa nne wa fainali ya Mashariki 2025 dhidi ya New York. Pointi 32, ribaundi 12, asisti 15, mipira iliyopotea sifuri. Asisti 15 na mpira haukumtoka mara moja. Kwenye mchujo, tangu mipira inayopotea ianze kuandikwa, hakuna aliyefikisha pointi 30, ribaundi 10 na asisti 15 bila kupoteza hata mpira mmoja kabla yake. Kwa 0.6 yangu, upande wa pasi pekee ni pointi 9 bila kukatwa senti.

Faili sasa lina safu nne ninazoziamini: ziada ya ulengaji, mipira iliyopotea, asisti yenye thamani inayobadilika, na mzigo wa zamu kwa mchezo. Kinachofuata ni kuitenganisha ile mipira iliyopotea. Kumbukumbu za mchezo hatua kwa hatua za NBA zipo tangu msimu wa 1996-97, na zinasema mpira ulipotea vipi: pasi iliyonaswa, kudunda kulikonyang'anywa, faulo ya kushambulia, kutoka nje. Pasi iliyonaswa katikati ya uwanja inawapa wapinzani mbio za kufunga bila ulinzi. Mpira uliotoka nje unaipa timu nafasi ya kurudi nyuma na kujipanga. Siwezi kuendelea kuvitoza vyote pointi moja. Naanza na Nash na Paul, kwa sababu asisti zao zinakaribiana na mipira yao iliyopotea imeachana sana. Stockton kabla ya 1996 atabaki na pointi moja moja, na kwenye mstari wake nimeweka alama ili msomaji wa faili alione hilo mapema.